Chujio la RO linatoa maji kidogo na presha ya kisima iko chini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu wenye kisima nyumbani na chujio la RO chini ya sinki, yaani chujio la osmosi kinyume (reverse osmosis), linalosukuma maji kwa presha yapite kwenye utando unaozuia chumvi. Nimeyapanga kwa mfuatano ule ule ninaoufuata ninapoitwa kwenye kazi: kupima kwanza, kisha kutafuta presha inapopotelea, na kununua kifaa mwishoni kabisa. Vipimo vya presha nimeviandika kwa psi (pauni kwa inchi ya mraba) kwa kuwa geji nyingi zina namba hizo. Ukitumia baa, baa 1 ni karibu psi 14.5.

Chujio la RO linahitaji presha kiasi gani?

Kwa chujio la kawaida la nyumbani, lisilo na pampu yake, chini ya psi 40 usitegemee makubwa. Likipata 50 hadi 60 linafanya kazi vizuri. Ukisoma kwenye utando kwamba unatoa lita 190 au 284 kwa siku, ujue kiwango hicho kimepimwa kwa presha ya 50 au 60, maji yakiwa na joto la nyuzi 25 na chumvi kidogo, tena bila lile tangi dogo la kuhifadhia maji safi chini ya sinki kusukuma maji nyuma. Maji ya kisima mara nyingi hayatimizi hata sharti moja kati ya hayo.

Kwani maji si yatapita tu, hata kama polepole?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Utando wa RO haufanani na kitambaa cha kuchujia ambacho maji hupenya yenyewe. Ukiweka maji ya chumvi upande mmoja wa utando na maji safi upande wa pili, kwa asili maji safi ndiyo yanayohamia kwenye chumvi. Chujio linayalazimisha yaende kinyume, na cha kuyalazimisha ni presha peke yake.

Sehemu ya presha hiyo inaliwa kabla hujapata tone. Kila miligramu 100 za chumvi zilizoyeyuka katika lita moja hula karibu psi 1, kwa hiyo maji yenye miligramu 500 yameshachukua 5. Tangi la kuhifadhia, likianza kujaa, linasukuma nyuma, tuseme kwa psi 15. Kama kisima kinaleta 40, umebaki na 20 za kufanya kazi. Kama kinaleta 60, umebaki na 40. Presha imeongezeka kwa nusu tu, lakini nguvu inayosukuma maji kwenye utando imekuwa mara mbili.

Kuna jambo jingine ambalo naomba ulishike. Chumvi inayoponyoka kwenye utando hupita kwa kasi ile ile takriban, presha iwe kubwa au ndogo. Kinachopungua presha ikishuka ni maji. Matokeo yake chumvi ile ile inaingia kwenye maji machache, na maji unayokunywa yanakuwa machafu zaidi kuliko yale chujio lingetoa likipata presha yake. Kama uliweka RO kwa ajili ya ladha tu, hilo ni kero. Kama uliiweka kwa sababu kisima chako kina naitreti, floridi au aseniki, ni suala la afya. Shirika la Afya Duniani linapendekeza naitreti isizidi miligramu 50 kwa lita, floridi 1.5 na aseniki 0.01. Naitreti ni hatari hasa kwa watoto wachanga wanaotengenezewa maziwa ya unga kwa maji hayo, na utando huizuia kwa shida kuliko chumvi nyingine nyingi. Chujio linalodondosha polepole katika nyumba yenye mtoto mchanga ni la kushughulikiwa leo.

Nitajuaje kama shida ni presha, au utando umechakaa?

Unahitaji geji ya presha ya kufunga kwenye koki, kikombe cha kupimia chenye alama za mililita, na kile kipimo kidogo cha chumvi kinachofanana na kalamu.

Anza na kikombe. Funga vali iliyo juu ya tangi la kuhifadhia, fungua koki ya maji ya kunywa, subiri dakika chache mpaka maji yaliyokuwa kwenye mrija yaishe. Yanayotoka sasa yanatoka moja kwa moja kwenye utando. Kinga kwa dakika moja. Utando wa lita 284 kwa siku ungetoa karibu mililita 197 kwa dakika katika hali yake bora. Ukipata 90 au 100, ni nusu. Kinga pia maji ya kutupa kwa dakika moja. Kwa machujio mengi ya kawaida, maji ya kutupa huwa mara tatu hadi nne ya yale safi.

Sasa pima chumvi ya maji ya kisima na ya maji safi. Mfano: kisima 600, maji safi 40. Toa 40 kwenye 600, gawanya kwa 600, unapata utando unaozuia asilimia 93. Si mbaya. Presha ikiwa nzuri na bado utando unazuia chini ya asilimia 80, umechoka, ubadilishe. Presha ikiwa ndogo, usiuhukumu utando bado. Rekebisha presha, upime tena. Nimeona tando mpya zikitupwa kwa kosa ambalo halikuwa lao.

Geji yangu inaonyesha 50. Kwa nini basi chujio halitoi maji?

Umepima maji yakiwa yamesimama? Presha ya maji yaliyosimama inadanganya. Bomba linaweza kuziba karibu lote na geji bado ikaonyesha 50, kwa sababu tundu la sindano linatosha kufikisha presha mahali ambapo hakuna maji yanayotembea.

Funga geji kwenye koki iliyo karibu na chujio, soma, kisha mwambie mtu afungue bafu na koki nyingine moja. Tazama mshale. Ukishuka kutoka 50 hadi 42, hiyo ni kawaida. Kuna nyumba niliyokwenda mshale ulitoka 50 ukaanguka hadi 18 mara tu bafu lilipofunguliwa. Mwenye nyumba alikuwa tayari ameshauriwa kununua pampu. Tulikata kipande cha bomba la chuma penye kiungo cha kuingia jikoni. Kwa nje lilikuwa zima kabisa. Kwa ndani kutu ilikuwa imejijenga tabaka juu ya tabaka, mpaka tundu lililobaki halikupitisha penseli. Kipande cha bomba jipya kilimaliza kazi. Pampu ingewekwa pale ingevuta kwenye tundu lile lile.

Kuna sehemu nyingine ndogo inayosahaulika: ile vali ya kubana bomba na kulitoboa kwa sindano, inayokuja na baadhi ya machujio. Tundu lake ni dogo tangu mwanzo, na maji ya kisima yenye mchanga au chuma hulijaza upesi. Mimi huitoa na kuweka kiungo cha njia tatu chenye vali ya kawaida.

Presha ilikuwa nzuri, sasa imeshuka. Nianzie wapi?

Anzia kwenye katriji za mwanzo, ile ya mashapo na ile ya kaboni. Zitoe, rudisha makopo zinamokaa yakiwa matupu, chomoa mrija unaokwenda kwenye utando na uelekeze maji kwenye ndoo. Maji yakitoka kwa nguvu, umepata jibu. Katriji hubadilishwa kila miezi 6 hadi 12 kwa kawaida, lakini kisima chenye tope kinaweza kuimaliza ndani ya wiki chache. Ukiweza, funga geji mbili, moja kabla ya makopo na moja baada. Tofauti ikizidi psi 10 maji yakitembea, badilisha.

Tazama rangi ya katriji ya mashapo. Ikiwa ya kahawia yenye wekundu, hiyo ni chuma, na chuma hakiishii hapo. Maji hutoka kisimani maangavu, yakikutana na hewa chuma kinageuka kutu na kuziba kila tundu dogo: vali, mrija, na uso wa utando wenyewe. Katika hali hiyo kazi ya kweli ni kuondoa chuma kabla maji hayajafika kwenye RO. Ukoga mweupe na mgumu kwenye birika unakuambia jambo jingine, maji yana chokaa nyingi, na mtambo wa kulainisha maji utauokoa utando.

Kama katriji ni safi na nyumba nzima imepungua nguvu, shida iko nyuma zaidi, kwenye tangi la presha au kisimani. Koki zikitema hewa, kiwango cha maji kisimani kimeshuka, au kuna mahali bomba la kuvutia linavuta hewa. Hilo ni la fundi wa visima. Usiendelee kuiwasha pampu inayovuta hewa, itaungua.

Tangi la presha ni lipi, na linahusikaje?

Ni lile tangi kubwa la chuma karibu na pampu ya kisima, si lile dogo chini ya sinki. Ndani lina mpira: upande mmoja hewa, upande mwingine maji. Pembeni kuna swichi ya presha inayowasha pampu presha ikishuka na kuizima ikipanda. Mipangilio iliyozoeleka ni 20/40, 30/50 na 40/60: namba ya kwanza ni ya kuwashia, ya pili ni ya kuzimia. Kama yako ni 20/40, tayari umejua kwa nini RO inateseka: muda wote presha iko chini ya kile inachohitaji.

Hewa ya tangi hili inatakiwa iwe psi 2 chini ya namba ya kuwashia. Kwa 30/50, ni 28. Kwa 40/60, ni 38. Lakini ipime tangi likiwa tupu: zima umeme wa pampu, fungua koki ya chini mpaka maji yaishe kabisa, ndipo uweke kipima upepo kama cha tairi kwenye pumulio la juu. Ukipima tangi likiwa na maji, unasoma presha ya maji na kudhani ni ya hewa. Kosa hili ni la kawaida mno.

Ukibonyeza pumulio na yakatoka maji badala ya hewa, mpira umepasuka. Dalili nyingine ni pampu kuwaka na kuzima kila sekunde chache, huku maji ya koki yakija kwa mawimbi. Tangi libadilishwe mapema, maana kuwaka na kuzima namna ile kunaua mota ya pampu.

Naweza kupandisha swichi kutoka 30/50 hadi 40/60?

Mara nyingi ndiyo, na ndiyo njia rahisi kuliko zote, kwa kuwa nyumba nzima inafaidika. Zima umeme kwenye swichi kuu kwanza na uhakikishe umezimika, kwa sababu ndani ya kile kifuniko kuna nyaya zilizo wazi. Kwenye swichi nyingi nati kubwa hupandisha namba zote mbili kwa pamoja. Izungushe nusu mzunguko, funika, washa, tazama geji pampu inapowaka na inapozima. Rudia taratibu. Nati ndogo iache kama hujui kazi yake. Ukifika unapotaka, toa maji tena na uongeze hewa ya tangi hadi 38. Watu hupandisha swichi wakasahau hewa.

Sharti ni kwamba pampu iweze. Kila psi 10 unazoongeza ni sawa na kuiambia pampu iinue maji mita 7 zaidi. Pampu iliyochoka, au kisima ambacho maji yameshuka chini, haitafika 60. Itaendelea kuzunguka bila kuzima mpaka iungue. Kwa hiyo mara ya kwanza usiondoke. Simama pale mpaka uione imezima.

Maji yangu hupandishwa kwenye tangi la juu, kisha hushuka yenyewe. Je?

Hesabu yake ni fupi. Mita 1 ya kimo inatoa karibu psi 1.4. Tangi lililo mita 5 juu ya koki linakupa 7. Ili upate 40 ungehitaji kuliinua mita 28. Hapa hakuna ujanja wa katriji wala wa bomba pana. Weka pampu ya kuongeza presha.

Pampu ya kuongeza presha inafungwa wapi?

Baada ya katriji ya mashapo, kabla ya utando. Mchanga ukiifikia pampu unaharibu mpira na vali zake ndogo. Nyingi hutumia umeme wa volti 24 kupitia transfoma, na hupandisha presha hadi 60 au 80. Angalia kikomo kilichoandikwa kwenye makopo na kwenye utando, usikivuke.

Pampu peke yake haitoshi. Inahitaji swichi mbili. Ya kwanza iko upande wa maji yanayoingia, inaizima pampu maji yakikatika isizunguke kavu. Ya pili iko kwenye mrija unaokwenda kwenye tangi la kuhifadhia, inaizima tangi likijaa, mara nyingi kwenye psi 40. Bila hii ya pili, pampu itanguruma usiku na mchana. Kama maji yako yanashuka kutoka tangi la juu, soma maelezo ya ile swichi ya kwanza kabla ya kununua: presha ikiwa ndogo sana inaweza kudhani hakuna maji na kukataa kuwaka.

Kuna pampu nyingine isiyotumia umeme, inayoendeshwa na nguvu ya maji ya kutupa. Nzuri kwa kazi yake, ambayo ni kuzuia tangi lisisukume nyuma kwenye utando, na hupunguza sana maji yanayopotea. Lakini haiongezi presha inayoingia. Kisima kinacholeta psi 25 hakitaokolewa nayo.

Koki inaanza kwa nguvu, kisha maji yanakwisha baada ya glasi mbili.

Hilo ni tangi dogo la chini ya sinki. Likiwa tupu linatakiwa kuwa na hewa ya psi 5 hadi 8. Hewa ikizidi, maji hayapati nafasi. Ikipungua, yamo ndani lakini hayana wa kuyasukuma. Pampu ya baiskeli inatosha kurekebisha. Ukilinyanyua na kulikuta zito ilhali koki haitoi kitu, hewa imeisha au mpira umekufa.

Presha ya kisima inaingia hapa pia. Vali ya kujifunga yenyewe husimamisha maji tangi linapofikia takriban theluthi mbili za presha inayoingia. Ikiingia 30, tangi linaishia 20, na kwa hewa ya 7 hiyo ni kidogo zaidi ya theluthi moja ya ujazo wake ndiyo maji. Ikiingia 60, tangi linafika 40, na maji yanachukua karibu tatu ya tano. Tangi ni lile lile, ila akiba yako imeongezeka kwa zaidi ya nusu.

Maji ya kutupa hayakomi, hata usiku.

Presha ikiwa ndogo, vali ya kujifunga hukosa nguvu ya kujifunga. Au kile kivali kinachozuia maji safi yasirudi kwenye utando kimeharibika. Funga vali ya tangi kwa mkono, subiri dakika chache. Maji ya kutupa yakikoma, vali zote mbili ni nzima na kilichokosekana ni presha. Yasipokoma, badilisha kivali kwanza, ni kidogo na rahisi. Usiliache hivi hivi, kisima chako kinafanya kazi usiku kucha kumwaga maji.

Je, niondoe kile kizuizi cha kwenye mrija wa kutupa, au nikibane zaidi ili presha ipande?

Tafadhali usifanye hivyo. Ukikiondoa, presha kwenye utando inaanguka kabisa. Ukikibana, chumvi inabaki juu ya utando na kuganda. Kizuizi huchaguliwa kulingana na ukubwa wa utando. Ukiweka utando mkubwa zaidi, badilisha na kizuizi chake.

Msimu wa baridi maji hupungua ingawa geji haijabadilika.

Ni baridi. Kila nyuzi 1 chini ya 25 hupunguza maji kwa karibu asilimia 3. Hakuna kilichoharibika.

Presha ikiwa nzuri, maji ya RO ni salama hata kama kisima kina vijidudu?

Usiitegemee RO peke yake kwa vijidudu. Oringi moja (pete ya mpira ya kuzibia maungio) iliyokaa vibaya inatosha kuvipitisha, na tangi la kuhifadhia ni mahali pazuri pa kuvizalisha. Peleka maji ya kisima maabara angalau mara moja kwa mwaka, na kila mara baada ya mafuriko au baada ya pampu kutolewa. Vikionekana vijidudu, kisima kitibiwe na maji yachemshwe mpaka majibu mapya yatoke safi. Ukiweka klorini kisimani, funga kwanza maji yanayoingia kwenye RO, kwa sababu klorini inaunguza utando.

Nimemaliza kurekebisha. Nifanye nini sasa?

Mwaga tangi la kwanza lote, na kama umeweka utando mpya mwaga na la pili. Kisha rudia vile vipimo vya mwanzo: presha maji yakitembea, mililita kwa dakika, chumvi ya kisima na chumvi ya maji safi. Viandike kwenye karatasi pamoja na tarehe, ubandike ndani ya mlango wa kabati la sinki. Rudia kila baada ya miezi mitatu. Siku maji yatakapopungua tena, utaiona namba iliyobadilika na utajua pa kushika kabla hujamwita mtu.